Machela Iliyotiwa Muhuri

Kiwanda cha Hasmukh kilikuwa nyuma ya duka la matairi, Bordesley Green, Birmingham, na kwa miaka mingi kilitengeneza kitu kimoja tu: machela za kubebea majeruhi. Nyingine zilinunuliwa na hospitali, nyingine na waokoaji wa milimani, lakini nyingi zilichukuliwa na jeshi. Hasmukh mwenyewe alikuwa Mhindi wa Nakuru. Aliondoka Kenya akiwa kijana, akarithi cherehani chache za mjomba wake, na hata uzeeni alipokasirika alikasirika kwa Kiswahili. Kwa hiyo siku Abshiro alipokuja kuomba kazi, Msomali aliyelelewa Garissa na aliyekuwa bado anaiogopa baridi ya Birmingham, hakuulizwa maswali mengi. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na Hasmukh akampa koti la kazi.

Abshiro alianza kwenye cherehani, kisha akawa msimamizi wa ubora. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Kila fungu la machela lilipomalizika, alichagua moja bila kuangalia, akalala juu yake chali, akajifunga mikanda, na watu wanne wakambeba. Walizunguka naye kiwandani, wakapanda naye ngazi za ofisini, wakateremka. Yeye alifumba macho akisikiliza. Uzi ukilia, mkanda ukimbana, au fremu ikiyumba kwenye kona, fungu zima lilirudi mezani. Wanawe, waliozaliwa hapahapa, walipenda kuwaambia rafiki zao kwa Kiingereza kwamba mama yao analipwa kwa kulala.

Kufanya biashara na jeshi kulichosha. Kila zilipohitajika machela, zabuni ilitangazwa upya, na kiwanda kikatakiwa kujieleza kana kwamba kimefunguliwa jana: ni akina nani, turubai lao limepimwa wapi, nani amethibitisha kwamba haliwaki moto. Wakishajieleza, walisubiri. Mara mbili Hasmukh aliwaachisha watu kazi kwa sababu ya kusubiri huko, na zabuni ilipotoka akaanza kuwatafuta mitaani mmoja mmoja.

Tena kulikuwa na suala la sampuli. Ilikuwa machela moja, iliyotengenezwa zamani na kukubaliwa kuwa ndiyo mfano wa nyingine zote. Ilifungwa kamba yenye lakiri nyekundu na kupigwa muhuri. Haikuwahi kumbeba mtu. Ilitunzwa na wizara ya ulinzi, na wakaguzi walikuja nayo garini, wakailaza kando ya machela mpya, wakalinganisha, wakaondoka nayo. Mtu wa kiwandani hakuruhusiwa hata kuigusa.

Mambo yalibadilika alipokuja Damien. Alizaliwa Uvira, Kongo, akaletwa Uingereza na wazazi wake akiwa mdogo, akasoma, na sasa ndiye aliyekuwa akinunua vifaa vya tiba kwa ajili ya jeshi. Siku ya kwanza aliwakuta Hasmukh na Abshiro wakibishana juu ya uzi, akawasikiliza kwa muda, kisha akaingilia kati kwa Kiswahili chake cha Kivu. Wote wawili waligeuka kumtazama. Tangu hapo vikao vyao havikuwa tena vya mezani. Damien alikaa juu ya kreti, akanywa chai ya maziwa aliyopika Abshiro, na akasema mambo wazi. Wizara nayo ilikuwa imechoka.

"Tunajuana miaka mingi," alisema, "lakini kila mwaka tunafanya sawa vile hatujuane. Hii mambo tuirahisishe, papa Hasmukh."

Wakairahisisha. Ukaandikwa mkataba wa miaka kumi. Hakuna zabuni tena. Kiwanda kingeona kwenye kompyuta hali ya ghala la jeshi, na machela zikipungua kingeshona nyingine bila kungoja barua. Zilizovunjika zingerudi moja kwa moja kwao kutengenezwa. Wakaguzi hawangekuja, saini ya Abshiro ingetosha. Na sampuli ingekaa kiwandani, ili mafundi waipime wakati wowote. Likitokea lolote, ni kumpigia simu Damien.

Hasmukh alimuuliza mara mbili kama kweli hakuna mtu atakayekuja kukagua. Damien akamjibu kwamba kuaminiana ndiko huko.

Sampuli ililetwa Novemba, katika kreti ya mbao. Abshiro alikuwa akiiona kwa mbali miaka yote ile, na ilipofunguliwa aliona kwamba imepauka kuliko alivyokumbuka. Pia ilinuka sabuni. Alimwambia Hasmukh. Mzee aliitazama lakiri, akaitazama namba, vyote vilikuwa sawa, akasema kwamba nayo imezeeka kama wao.

Mkataji wa turubai alikuwa Ishaka, Mzanzibari, mtu wa maskhara lakini mwangalifu kazini. Aliipima sampuli asubuhi nzima. Mchana alimwita Abshiro akamwonyesha kwamba upande wa kushoto wa turubai ni mrefu kuliko wa kulia, kwa upana wa kidole. Aliuliza kama ausawazishe. Abshiro alifikiri. Mkataba ulisema sampuli ifuatwe kwa kila kitu, na sasa hapakuwa na mkaguzi wa kumuuliza.

"Ifuate ilivyo," alimwambia.

Fungu la kwanza lilipomalizika, Abshiro alilala juu ya machela kama kawaida yake, akafumba macho. Wabebaji wanne walikuwa watu anaowajua: aliujua mwendo wa kila mmoja, na viatu vyao vya mpira vilivyolia juu ya saruji. Wakamwinua. Hatua za mwanzo zilikuwa zilezile. Kisha akaanza kusikia mawe.

Hatua zilikuwa zikienda juu ya mawe madogo yanayoteleza, haraka, na wabebaji walikuwa wakihema kwa nguvu, kama watu waliotoka mbali na bado wanakwenda mbali. Hewa baridi ilimpiga usoni. Hakuogopa. Alichohisi ni haya, haya kubwa, kwamba wanachoka kwa ajili yake, na kwamba asitoe sauti wasije wakajua anavyoumia. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na maumivu yoyote.

Alipofumbua macho walikuwa wamesimama chini ya ngazi za ofisini, wanamtazama.

"Dada," Ishaka, aliyekuwa amesimama kando, alimuuliza, "unataka nikupe nini?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia nje ya machela, kiganja juu, vidole vimefunguka. Aliurudisha kifuani. Alisema mikanda iko sawa na mishono iko sawa, jambo lililokuwa kweli, akatia saini. Alijiambia kwamba ni njaa, hakuwa amekula tangu alfajiri.

Fungu la pili likawa vilevile, ila safari iliendelea zaidi. Mawe, kisha matope, kisha mawe tena. Mara moja mtu mmoja alijikwaa, machela ikainama, na wenzake wakaishika. Alipoteremshwa aliwauliza wabebaji nani aliyejikwaa. Walitazamana. Hakuna aliyejikwaa.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Sparkbrook, alikuwa amesimama jikoni akikoroga mchuzi. Binti yake Iman aliingia, akacheka, na kumwekea kijiko katika mkono wa kushoto. Abshiro akatazama chini. Mkono ulikuwa umetulia ubavuni, umefunguka, unangoja. Hakujua umekaa hivyo tangu saa ngapi. Iman alimuuliza kwa Kiingereza kama yuko salama, naye akasema amechoka tu.

Kwa fungu la tatu alimwomba Ishaka alale badala yake. Alimwambia mgongo unamuuma. Ishaka alipanda kwa mbwembwe, akaagiza kahawa, akawaambia wabebaji wamfikishe Forodhani. Kila mtu alicheka. Walipofika safu ya pili ya cherehani alikuwa kimya. Walipofika kwenye ngazi mkono wake wa kushoto ulianguka nje, polepole, na vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Walipomteremsha alikaa sakafuni, akavuta magoti kifuani. Abshiro aliinama karibu naye.

"Dada," Ishaka alisema kwa sauti ndogo, "walionibeba mimi si hawa."

Alichukua koti lake akaenda. Kesho yake alipiga simu kusema amepata kazi kwenye duka la binamu yake, Ladypool Road. Abshiro hakumbembeleza. Alimtakia heri.

Fungu hilo hakulitia saini. Alipanda ofisini akamweleza Hasmukh kila kitu, tangu mawe mpaka kijiko. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha aliteremka, akavua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akalala juu ya machela mwenyewe. Wakambeba. Mkono wa kushoto ukaanguka.

Alipoinuka alikuwa na maelezo tayari. Alisema ni turubai. Kushoto ni kurefu, basi mwili unaegemea huko bila mtu kujua, na mkono unakosa pa kukaa unaanguka. Hilo ni suala la kitambaa. Alichukua chaki akachora mezani kuonyesha, na mchoro ulikuwa sahihi. Lakini Abshiro alikuwa amemwona alipokuwa akiteremshwa. Alikuwa amewageukia wale vijana wanne na kuwashukuru kwa Kiingereza, mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa uzito wake. Alikuwa amewaajiri kwa miaka na hakuna siku alimshukuru hata mmoja.

Hasmukh aliiacha chaki.

"Mpigie Damien," alisema.

Zamani isingewezekana. Zamani angetakiwa kuiandikia idara, idara ingetaka ushahidi, na Abshiro hakujua ushahidi wa jambo kama lile unaandikwaje. Sasa alikaa kwenye kiti cha Hasmukh akapiga namba moja, na mtu anayemjua akapokea.

"Sampuli mliyotuletea imewahi kutumika," alimwambia.

Damien alisema haiwezekani. Sampuli haitumiki, ndiyo maana yake kuwa sampuli.

"Ilimbeba mtu, na mtu huyo bado yuko njiani. Njoo."

Abshiro alisikia ving'ora vya ambulansi zinazokwenda hospitali, hakujua kama ni za upande wake au za upande wa Damien. Kisha Damien akasema atakuja.

Alifika asubuhi ya siku ya pili yake, kunanyesha. Hakukaa kwenye kreti na chai hakuigusa. Alisema kwamba baada ya ile simu alimpigia mtunza ghala, mtu wa karibu kustaafu, akamuuliza kwa upole. Mwanzoni yule mtu alikana. Baadaye alieleza. Damien alipoagiza sampuli ipelekwe kiwandani, mtunza ghala alikwenda kuitoa akaikuta imeoza. Paa lilikuwa likivuja mahali pale na hakuna aliyejua. Aliogopa. Akaenda kwenye rundo la machela zilizorudishwa kutoka vitani, akachagua iliyo nzima kuliko zote, akaifua, akaihamishia kamba na lakiri.

"Zamani watu watatu wangefungua ile kreti mbele ya kuitoa," Damien alisema. "Mi mwenyewe nilisema haina lazima. Nilisema, hawa ni watu wetu, tuma tu."

Hasmukh aliuliza ilitoka vita gani. Damien akasema mtunza ghala hajui. Zilirudi zimechanganyika, za nchi hii na nchi ile, za mwaka huu na mwaka ule. Nani alibebwa juu yake, kama alipona au hakupona, hakuna pa kuuliza.

Sampuli yenyewe ilikuwa mezani, imekunjuliwa. Abshiro aligundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala juu ya hiyo. Walikuwa wamelalia nakala zake tu.

Damien alivua koti lake la mvua, akavua na jaketi. Hasmukh alimwambia hakuna haja, turubai litarekebishwa na mambo yatakwisha. Lakini Damien alisema kwamba ni yeye aliyeileta katika nyumba ya watu, na hawezi kuwaachia. Akaipanda sampuli yenyewe, akalala, akajifunga mikanda.

Abshiro alizima mashine zote. Vijana watatu walishika vishikio, na cha nne alikishika Hasmukh mwenyewe. Walipoinua, magoti yao yalipinda. Damien alikuwa mtu mwembamba, lakini hawakuwa wameinua mtu mwembamba. Wakaanza kutembea. Abshiro alikwenda kando yao, upande wa kushoto.

Kwenye safu ya kwanza ya cherehani macho ya Damien yalifumba. Kwenye safu ya pili mkono wake uliteleza, ukaanguka nje, na vidole vikafunguka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa mtu mwingine, ni wa Damien, lakini mikunjo ya paji la uso ilikuwa imelainika, na midomo imekauka na kupasuka kama ya mtu aliyekaa juani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Abshiro alisikia mawe chini ya viatu vya mpira, na safari hii alikuwa wima, macho wazi, na aliona wabebaji nao wanayasikia.

Damien aliuliza, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kijana ambaye hajafika hata miaka ishirini, kama bado ni mbali.

Wabebaji walisimama. Hasmukh aliwaambia taratibu waendelee, wasisimame, na wakaendelea. Damien aliuliza tena. Aliuliza kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua, na hakuna aliyemjibu. Ndipo Abshiro alipofahamu kwamba hata mara ile ya kweli, huko vitani, hakuna aliyemjibu yule kijana. Walikuwa wamechoka, au walikuwa hawana pumzi, au jibu lenyewe lilikuwa baya. Wakambeba kimya mpaka mwisho, na yeye hakujua ule ulikuwa mwisho.

Ule mkono ulikuwa bado umefunguka, unangoja. Abshiro alikuwa mwanamke mwenye kushika dini yake, na mbali na baba yake na mumewe hakuwahi kumshika mkono mwanamume. Alivaa glavu yake ya kazi. Kisha aliutazama mkono ule, akaivua glavu, akaushika.

Ulikuwa baridi, na ulimbana hadi mifupa ya vidole vyake ikagusana.

"Tumefika," alimwambia. Alisema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichomjia. "Tumefika. Wanakuteremsha sasa hivi."

Aliwapa ishara, na wakamteremsha palepale, katikati ya sakafu, polepole kama wanaweka mtoto kitandani. Damien alitoa pumzi ndefu sana. Abshiro alingoja aivute nyingine, na kwa muda hakuivuta, na Hasmukh alianza kupiga magoti. Kisha akavuta. Vile vidole vililegea kimoja kimoja katika mkono wa Abshiro. Mawe yalikuwa yamenyamaza, ikabaki mvua tu.

Damien alifumbua macho, akawatazama wote.

"Mama Abshiro," alisema, "mbona unalia?"

Hakukumbuka kitu isipokuwa baridi. Hakuamini alipoambiwa kwamba alisema neno. Lakini alipoinuka alijipapasa midomo, akaona damu kidogo kwenye kidole, akakaa juu ya kreti akaomba ile chai.

Abshiro alimwambia kwamba machela zote zilizotoka lazima zirudi. Damien hakubisha. Alitoka nje akasimama chini ya kibanda cha duka la matairi, akapiga simu, na walimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku na kuongea akipunga mkono. Kwa utaratibu wa zamani kurudisha mali ghalani kungechukua nusu mwaka na vikao visivyohesabika. Kesho yake lori lilikuwa mlangoni. Damien alikuwa amewaambia kuna kosa katika ukataji wa turubai, na hakuwa amesema uongo.

Zilirudi zote isipokuwa kreti moja. Hiyo ilikuwa imeshasafirishwa nje ya nchi. Hasmukh aliuliza wapi, na Damien akasema hilo hata kwao hawezi kulisema.

Turubai lilikatwa upya, pande zote sawa. Abshiro alilala juu ya kila machela iliyorudi, si moja kwa fungu bali kila moja, na ilimchukua majira yote ya baridi. Kabla turubai la zamani halijafumuliwa, alihakikisha kuna mtu amesimama kushoto, ameshika mkono wake, na mtu huyo anasema lile neno, tumefika. Mara nyingi alikuwa Hasmukh. Alilisema kama mtu anayetaja kituo cha basi, lakini alilisema, na hakuruka hata machela moja. Vijana wabebaji hawakucheka. Mmoja wao, Mjamaika, aliomba afundishwe kulitamka vizuri.

Sampuli ya uongo Abshiro aliifumua kwa mkono wake, akalifua turubai, akalikausha, akalikunja. Damien aliondoka nalo. Alisema atazungumza na kasisi wa kambi fulani anayemfahamu, na Abshiro hakumuuliza zaidi. Sampuli mpya waliitengeneza wao, ikatiwa lakiri mbele ya watu watatu, na kanuni hiyo ya watu watatu Damien aliirudisha katika mkataba. Mengine yote yalibaki yalivyo: hakuna zabuni, hakuna barua, simu moja tu. Na katika karatasi ya maelekezo inayofungwa kwenye kila machela, baada ya namna ya kufunga mikanda, Damien aliongeza mstari mmoja bila kuitisha kikao: anayebebwa aambiwe anapofika. Watu wa wizara waliousoma walidhani ni ushauri wa madaktari.

Mwaka uliofuata, majani yakianza kuanguka, iliingia kiwandani machela moja ya kutengenezwa. Ilikuja kwa utaratibu wa kawaida, kwenye lori, pamoja na nyingine zilizochanika. Mguu mmoja wa fremu ulikuwa umevunjika. Kwenye bawaba kulikuwa na udongo mwekundu ambao Abshiro hakuwahi kuuona Uingereza. Aligeuza kibandiko akasoma namba ya kreti, ile ambayo haikurudi, kisha akalipima turubai kwa kidole.

Mafundi walibadilisha mguu. Kilichobaki ni kuijaribu. Angeweza kuitupa, hakuna ambaye angemuuliza. Alisimama mbele yake muda, akavua viatu, akalala.

Wakamwinua. Alisikia viatu vya mpira kwenye saruji, cherehani moja iliyokuwa ikiendelea kushona upande wa mbali, na redio ya duka la matairi. Hakukuwa na mawe. Alianza kutulia. Kwenye safu ya pili mkono wake wa kushoto ukaanguka nje, ukafunguka, na hakuuzuia.

Mkono mwingine ukaushika.

Ulikuwa na joto, na ngozi ngumu kwenye kiganja kama ya mtu wa kazi za kubeba. Ulikwenda naye kando kando, bila kumbana na bila kumvuta, ukapanda naye ngazi za ofisini, ukateremka naye. Abshiro hakufumbua macho. Machela iliposhushwa sakafuni ule mkono ulimbonyeza mara moja, ukamwachia.

Alipotazama, wabebaji wanne walikuwa kwenye vishikio vyao, na upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Hasmukh alikuwa juu, nyuma ya kioo cha ofisi, ameegemeza viganja vyote viwili kwenye kioo. Aliteremka polepole. Alimuuliza kama walikate turubai lile, waweke jipya.

Abshiro aliketi akavaa viatu vyake, akafunga kamba. Alisema mguu umekaa vizuri na turubai halina tatizo, liachwe kama lilivyo: huko ilikotoka, ule mkono ulikwisha pata wa kuushika. Alisafisha ule udongo kwenye bawaba kwa brashi, akatia saini, na Jumatatu lori likaichukua pamoja na nyingine.